Umiliki wa bunduki na bastola Zanzibar

Umiliki wa bunduki na bastola Zanzibar ni historia ya namna watu binafsi wa Unguja na Mji Mkongwe walivyopata, walivyochagua na walivyotumia silaha za moto tangu wakati wa masultani wa Kiomani hadi leo. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za kuingizia bunduki katika Afrika ya Mashariki. Aliyekuwa na fedha aliweza kuchagua silaha kama alivyochagua kitambaa au saa. Tangu Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 hali iligeuka. Silaha ya mtu binafsi ikawa kitu chenye alama, namba, jina la mwenyewe na kibali kinachoweza kufutwa. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa sheria za silaha hadi sasa, na ndiyo inayomhusu kwanza mtu yeyote anayetaka kuongeza bastola katika mkusanyo wake.

Maneno

Neno bunduki limetoka katika Kiarabu, na baruti ni neno linalopatikana pia katika Kiajemi, Kituruki na Kihindi. Bastola ni silaha fupi inayoweza kufyatuliwa kwa mkono mmoja. Gobori ni bunduki ya zamani inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mbele, kupitia mdomo wa mtutu. Fimbo ya kushindilia huitwa mdeki. Marisau ni vijirisasi vidogo vya kupigia ndege na wanyama wadogo. Maneno haya yote yalikwisha kuenea katika Kiswahili cha pwani karne ya 19, jambo linaloonyesha jinsi silaha hizo zilivyozoeleka katika maisha ya watu.

Aina za silaha

Silaha zilizopita mikononi mwa watu wa Zanzibar zinaweza kugawanywa kwa namna ya kuwasha baruti:

- Bunduki ya mrao huwashwa kwa utambi unaofuka moto. Waomani waliipenda kwa muda mrefu, na nyingi zilipambwa kwa fedha kwenye mtutu na kitako.
- Bunduki au bastola ya gumegume hutoa cheche kwa jiwe linalogonga chuma. Haihitaji utambi, lakini jiwe huchakaa na baruti ya kuwashia hulowa kwa urahisi wakati wa mvua.
- Silaha ya fataki hutumia kifuko kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Ilienea Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Ilifyatuka kwa uhakika zaidi, lakini mwenyewe alilazimika kupata fataki kutoka dukani kila zinapomalizika.
- Bunduki ya kupakia nyuma hutumia risasi iliyokamilika, yenye baruti na fataki ndani ya ganda moja. Hupakiwa haraka kuliko gobori.
- Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi kadhaa. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake nchini mwake mwaka 1836.
- Bastola ya magazini huhifadhi risasi ndani ya mkono wa kushikia. Ilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Tofauti hizi si za kiufundi tu. Silaha ya gumegume iliweza kutumika mbali na pwani kwa sababu jiwe, baruti na risasi ya kuyeyusha vilipatikana kwa njia nyingi. Silaha ya kisasa ilimfunga mwenyewe kwa muuzaji wa risasi. Baadaye sheria zilifuata mpaka huohuo: gobori la gumegume liliruhusiwa kwa masharti, na silaha ya kupakia nyuma ikazuiwa.

Biashara ya silaha katika karne ya 19

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1856, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mjini Maskati mwezi Septemba 1833. Mkataba uliwapa Wamarekani uhuru wa kuuza bidhaa zao katika bandari zake zote, isipokuwa jambo moja. Katika kisiwa cha Zanzibar bunduki, baruti na risasi ziliweza kuuzwa kwa serikali peke yake. Katika bandari zake nyingine bidhaa hizo ziliruhusiwa kuuzwa bila kizuizi kwa yeyote aliyetoa bei kubwa zaidi. Wakati huo Sayyid Said alikuwa bado anapigana na Wamazrui wa Mombasa, ambao hakuwashinda hadi mwaka 1837. Kifungu hicho ni mfano wa mapema wa udhibiti wa silaha Unguja. Lengo lake lilikuwa kulinda kiti cha mtawala, na hakikuwalinda watu wa maeneo ambako bunduki ziliuzwa bila kikomo.

Mwaka 1840 merikebu ya Sultani iitwayo al-Sultanah ilikwenda New York chini ya mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Iliporudi ilibeba vitambaa, shanga, bunduki na baruti. Miongoni mwa zawadi za serikali ya Marekani kwa Sultani zilikuwemo silaha za kufyatua mara nyingi bila kupakiwa upya, ambazo wakati huo zilikuwa kitu kipya hata huko zilikotengenezwa.

Bunduki nyingi za kuuza zilitoka katika viwanda vya Birmingham nchini Uingereza na Liège nchini Ubelgiji. Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalianza kubadilisha silaha zao kwa haraka. Uingereza iliingia katika bunduki ya Snider na kisha Martini-Henry. Ufaransa ilichukua Chassepot mwaka 1866, Gras mwaka 1874 na Lebel mwaka 1886. Kila badiliko liliacha maghala yaliyojaa silaha zilizopitwa na wakati ambazo bado zilikuwa zinafanya kazi. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ndogo na kuzipeleka katika bandari kama Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Namna silaha zilivyochaguliwa

Wanunuzi hawakutafuta kitu kimoja. Makusudi makubwa yalikuwa matatu: heshima, safari na vita.

Kwa mabwana wa Kiomani silaha ilikuwa sehemu ya mavazi ya heshima. Jambia kiunoni na upanga vilitangulia, na bunduki iliyopambwa kwa fedha ilifuata. Silaha ya namna hii ilichaguliwa kwa kazi ya fundi na kwa ukoo iliotoka, wala si kwa nguvu zake peke yake. Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kwamba utotoni alifunzwa na kaka yake Majid kutumia upanga na kupiga shabaha kwa bunduki na bastola. Maelezo yake yanaonyesha kwamba bastola ilikuwemo ndani ya nyumba za kifalme, na kwamba binti naye aliweza kufunzwa kuitumia.

Kwa msafiri wa bara kilichotazamwa ni uimara. Henry Morton Stanley alipojitayarisha Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone, alichanganya silaha za aina nyingi. Orodha aliyoichapisha ina bunduki chache za kisasa za kupakia nyuma, rivolva mbili, bastola sita za mtutu mmoja na bunduki 24 za gumegume. Mgawanyo huo ulikuwa na maana. Silaha chache za kisasa zilihitaji risasi maalumu na uangalizi, ilhali magobori yalifaa kwa kundi kubwa la wapagazi na walinzi.

Kwa waliotaka kupigania madaraka, kilichohitajika ni wingi. Mwaka 1859 Barghash bin Said alijaribu kumpindua kaka yake Majid, na wafuasi wake wakajifungia katika shamba la Marseilles kisiwani Unguja. Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 15 hivi na aliyejua kuandika, alikuwa mwandishi wa kundi hilo. Kwa maelezo yake mwenyewe aliandika hata barua za kuagizia risasi, baruti na bunduki, huku akijua zilikuwa za kazi gani. Uasi ulishindwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akahamishwa, na watu wa familia moja wakabaki wamefarakana kwa miaka mingi.

Athari kwa watu wa bara

Bunduki iliyonunuliwa Zanzibar haikubaki Zanzibar. Misafara ilizipeleka Unyamwezi, Ujiji, Manyema na Buganda, ambako zilibadilishwa kwa pembe za ndovu au kutumika katika uvamizi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, ambaye nyumba yake bado inaonyeshwa Shangani, alijenga mamlaka yake upande wa mashariki wa Kongo kwa kutegemea watu wenye bunduki. Moja ya maelezo ya jina lake la utani ni kwamba linaiga mlio wa bunduki zake. Kijiji chenye mishale na mikuki hakikuweza kushindana na msafara wa namna hiyo, na waliokamatwa walifanywa watumwa. Kwa hiyo fahari ya silaha zilizotundikwa katika nyumba za mjini haiwezi kutenganishwa na hasara iliyowapata watu walioishi mbali na bahari. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara ya bunduki iliendelea na hata kukua katika miaka iliyofuata.

Mkataba wa Brussels wa 1890

Baada ya Abushiri bin Salim al-Harthi kuongoza upinzani dhidi ya Wajerumani katika pwani ya Tanganyika mwaka 1888, Ujerumani na Uingereza ziliweka manowari kuzuia silaha zisiingie na watumwa wasitoke. Kizuizi hicho kilidumu kuanzia Desemba 1888 hadi Oktoba 1889.

Hatua ya kudumu ilikuwa Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao Sultani wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliowakilishwa. Uliweka eneo la udhibiti kati ya latitudo 20 Kaskazini na latitudo 22 Kusini, pamoja na visiwa vilivyo karibu na pwani. Ndani ya eneo hilo ilikatazwa kuingiza bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu na silaha nyingine za kisasa. Magobori ya gumegume na baruti ya kawaida vilitakiwa kuwekwa katika ghala la serikali na kutolewa kwa masharti.

Kwa watu binafsi mkataba uliacha mlango mdogo. Mtu aliyetoa dhamana ya kutosha kwamba hatampa, hatamwazima wala hatamuuzia mwingine silaha yake aliweza kuruhusiwa kuwa nayo kwa kujilinda, na msafiri pia aliweza kuruhusiwa akiwa na hati ya serikali yake. Silaha hiyo ilipaswa kuandikishwa na kupigwa alama. Mwenyewe alipewa kibali chenye jina lake na alama ya silaha, kwa muda usiozidi miaka mitano, na kibali kiliweza kufutwa ikithibitika kwamba ameitumia vibaya.

Mkataba ulikuwa na upungufu. Uliandikwa hasa na dola zilizokuwa zinagawana Afrika, nazo zilibaki na silaha ambazo Waafrika walizuiwa kuzipata. Biashara nayo haikufa, bali ilihamia bandari nyingine. Maskati iliendelea kuwa soko kubwa la bunduki hadi kanuni za ghala la silaha zilipowekwa huko mwaka 1912.

Vita vya 1896

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akajitangaza mrithi bila idhini ya Waingereza. Wafuasi wake walikusanyika katika kasri la Forodhani wakiwa na bunduki za mkono, bunduki za rashasha na mizinga, pamoja na mzinga wa shaba wa karne ya 17. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti manowari za Uingereza ziliwapiga kwa muda wa dakika 40 hivi. Takriban watu 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na kwa upande wa Uingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Idadi ya silaha ndani ya kasri haikusaidia kitu mbele ya mizinga ya kisasa ya baharini.

Mapinduzi na baada yake

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja baada ya uhuru, wanamapinduzi walianza wakiwa na silaha za moto chache sana. Wengi wao walikuwa na mapanga, pinde na marungu. Walengwa wao wa kwanza walikuwa maghala ya silaha ya polisi ya Ziwani na Mtoni. Walipoyateka walipata bunduki zilizobadilisha mkondo wa mapambano, na serikali ya Sultani Jamshid bin Abdullah ikaanguka. Watu wengi waliuawa katika siku zilizofuata. Tarehe 7 Aprili 1972 Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa kwa kupigwa risasi Kisiwandui. Matukio hayo mawili yaliacha kumbukumbu nzito visiwani juu ya silaha inapotoka katika ghala na kuingia mikononi mwa watu.

Sheria za sasa

Polisi na ulinzi ni mambo ya Muungano. Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015. Msingi wake ni kwamba kumiliki silaha ya moto si haki ya kila mtu, bali ni ruhusa inayotolewa kwa leseni na kusimamiwa na Jeshi la Polisi. Tanzania pia ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, inayozitaka nchi wanachama kupiga silaha alama na kutunza kumbukumbu zake. Alama, daftari na kibali vya mwaka 1890 vinaonekana tena humo, safari hii kwa mkono wa nchi huru.

Mkusanyaji na bastola mpya

Katika nchi ambako ni rahisi kumiliki silaha nyingi, mkusanyaji huanza kwa kulinganisha bastola kwa umri, kiwanda, ukubwa wa risasi na bei. Tanzania mpango hugeuka, na swali la kwanza ni kama mamlaka itaruhusu. Kwa sababu hiyo mambo yafuatayo hutangulia uzuri wa silaha yenyewe:

- Kibali hutangulia ununuzi. Bastola iliyonunuliwa bila kibali ni kosa hata ikiwa haikuwahi kufyatuliwa.
- Asili ya silaha ijulikane. Bastola yenye namba iliyofutwa au isiyo na hati za mmiliki wa awali haifai kuguswa, kwa kuwa huenda iliibiwa au ilitumika katika uhalifu.
- Umri si msamaha. Silaha ya kale au ya kurithi bado inaweza kuhesabiwa kuwa silaha, na ofisi ya polisi ndiyo ya kuulizwa kabla ya kuihamisha.
- Silaha yoyote ichukuliwe kuwa imepakiwa mpaka ithibitike vinginevyo. Magobori ya kale yamewahi kukutwa na baruti ndani ya mtutu.
- Mtutu wa zamani usifyatuliwe. Chuma kilicholiwa na kutu, hasa katika hewa ya chumvi ya pwani, kinaweza kupasuka mkononi.
- Silaha na risasi zifungiwe mbali na watoto, kila kimoja mahali pake.
- Pembe ya ndovu katika mkono wa bastola ina sheria zake. Kuivusha mpaka kunahitaji vibali vya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Vitu vya kale vya Mji Mkongwe huuzwa katika maduka ya mitaa kama Gizenga na Hurumzi. Mgeni anayepata humo kitu kinachofanana na silaha anapaswa kukumbuka kwamba viwanja vya ndege hukihesabu kuwa silaha mpaka kithibitike kuwa ni pambo. Aidha, vitu vingi vyenye sura ya kale hutengenezwa kwa ajili ya watalii.

Mahali pa kuona

Kwa watu wengi njia ya kuijua historia hii ni kutazama, si kumiliki. Mbele ya Beit el Ajaib, jengo lililokamilika mwaka 1883, palijulikana kwa mizinga miwili ya Kireno ya karne ya 16. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili waliokuwa katika kazi ya ukarabati. Ngome Kongwe iliyo jirani, Makumbusho ya Kasri na Makumbusho ya Beit el Amani hueleza maisha ya watawala na ya mji.

Silaha ikiwa katika makumbusho, watu wote huweza kuiona, na maelezo yanaweza kumtaja aliyeibeba na aliyeumizwa nayo. Mkusanyo wa nyumbani aghalabu humkumbuka wa kwanza tu.